Nani wa Kusema Hapana?

Kwa Kidigo, mrima ni mlima. Kwa hivyo tukisema Mlima Mrima, huwa tunasema mlima mara mbili, na hakuna anayelalamika. Uko upande wa Kikoneni, ndani kidogo kutoka ile barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga. Juu yake kuna msitu wa kaya. Ndani ya udongo wake kuna naiobiamu na madini adimu, yale yanayotafutwa duniani kote kwa ajili ya chuma kigumu, sumaku na vifaa vya umeme. Na katikati ya msitu na madini kuna watu, na michungwa yao, minazi yao na mahindi yao.

Sasa hebu jiulize swali dogo. Mtu akitaka kuuchimba mlima huo, anaomba ruhusa kwa nani? Chifu? Gavana? Mbunge? Seneta? Wazee wa kaya? Waziri aliyeko Nairobi? Ukiuliza hivyo kwenye stage ya bodaboda, utapata majibu matano kabla chai haijapoa, na kila jibu litakuwa na ukweli kidogo.

Wengi wetu huona hiyo ni vurugu tu. Serikali nyingi mno, kila mmoja anamsukumia mwenzake. Lakini vurugu hiyo ilipangwa. Kuna watu walikaa chini wakaamua kwamba pasiwe na mtu mmoja wa kuombwa ruhusa. Sehemu kubwa ya mpango huo iliandikwa Marekani mwaka 1787, ikafika Pwani mwaka 1963, ikafutwa, kisha ikarudi mwaka 2010. Ukitaka kujua thamani yake, angalia jinsi ilivyofutwa mara ya kwanza.

Hofu mbili za Philadelphia

Makoloni 13 yalitangaza uhuru kutoka kwa Uingereza mwaka 1776. Muungano wao wa kwanza ulikuwa dhaifu hata haukuweza kutoza kodi. Mwaka 1787 wajumbe 55 kutoka majimbo 12 walikutana Philadelphia kuurekebisha (Rhode Island ilikataa kutuma mtu). Walijifungia kiangazi kizima, wakatoka na katiba mpya kabisa. Wajumbe 39 waliitia sahihi.

Ukiisoma katiba hiyo kwa makini, utaona iliandikwa na watu wenye hofu mbili.

Hofu ya kwanza ilikuwa mfalme. Walikuwa wametoka kupigana na mmoja, hawakutaka kumzaa mwingine. Kwa hivyo wakayakata mamlaka vipande vitatu. Kongresi hutunga sheria na kushika mfuko wa pesa. Rais hutekeleza. Mahakama huamua. Kisha, na hapa ndipo penye ujanja, kila mmoja akapewa kamba ya kumvuta mwenzake. Rais anaweza kuukataa mswada, lakini theluthi mbili ya kila bunge ikikubaliana, mswada unakuwa sheria bila yeye. Rais huteua mawaziri na majaji, lakini lazima Seneti iwakubali. Mawaziri wenyewe si wabunge, tofauti na Uingereza ambako waziri mkuu na mawaziri wake huketi bungeni. Na mwaka 1803 Mahakama ya Juu ikasema jambo ambalo katiba haikuliandika waziwazi: sheria inayopingana na katiba si sheria.

James Madison, mmoja wa wachoraji wakuu wa mpango huo, hakuuegemeza kwenye wema wa viongozi. Aliuegemeza kwenye wivu wao. Kila mwenye cheo atalinda cheo chake, na kwa kukilinda atamzuia mwenzake asijitanue. Hesabu yake ni kwamba hata wabaya wakiingia wote, watashikana mashati wao kwa wao, na mwananchi atapumua.

Hofu ya pili ilikuwa majirani. Delaware ilikuwa ndogo, Virginia kubwa. Kama bunge lingehesabu vichwa tu, wadogo wangekuwa wasindikizaji. Suluhu ikawa mabunge mawili: moja kwa idadi ya watu, na jingine, Seneti, ambamo kila jimbo lina viti viwili, liwe kubwa au dogo. Mpaka leo Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ina maseneta wawili sawa na California yenye karibu milioni 40. Kwa kulinganisha, sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 Kwale.

Na juu ya hayo, kila mamlaka ambayo majimbo hayakuyakabidhi kwa muungano yalibaki kwao. Majimbo yana mahakama zao, sheria zao za jinai na kodi zao. Huko Marekani rais hana chifu kijijini. Kaunti zao, ambazo ziko chini ya majimbo, kwa kawaida huwa na mkuu wa usalama anayepigiwa kura na wenyeji wenyewe.

Hofu ileile, Pwani

Mwishoni mwa miaka ya 1950, uhuru ukinukia, hofu ya pili ya Philadelphia ilikuwa hai Kenya. Watu wa jamii ndogo waliutazama uhuru wa kuhesabu vichwa wakaona kwamba watabadilishiwa bwana tu. Pwani kulikuwa na jambo la ziada. Ukanda wa maili 10 kutoka baharini ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliutawala kwa mkataba wa 1895. Wapo waliotaka Mwambao ujitenge. Ronald Ngala, mwalimu kutoka Kilifi aliyekiongoza chama cha KADU kilichoundwa 1960, alishika njia nyingine: tubaki Kenya, lakini Kenya yenye kuta. Kuta hizo ndizo majimbo.

Mazungumzo ya katiba yalifanyika London, katika jumba la Lancaster House. Katika kikao cha kwanza, Januari 1960, upande wa Waafrika ulikuwa na mshauri ambaye wengi wetu hatukusomeshwa habari zake shuleni. Jina lake ni Thurgood Marshall, wakili Mweusi wa Marekani aliyeletwa kwa juhudi za Tom Mboya. Miaka sita nyuma, mwaka 1954, alikuwa ameshinda kesi ya kupinga ubaguzi katika shule za Marekani. Baadaye, mwaka 1967, angekuwa jaji wa kwanza Mweusi katika Mahakama ya Juu ya nchi yake. Kazi yake kwetu ilikuwa kuandaa rasimu ya Sheria ya Haki. Fikiria hali yenyewe. Mtu ambaye ndugu zake walizuiwa kupiga kura katika majimbo ya kusini mwa Marekani anawaandikia Wakenya namna ya kumlinda aliye mchache, akiwemo Mzungu na Mhindi ambao kesho wangekuwa wachache chini ya serikali ya Waafrika.

Katiba iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, ilikuwa na majimbo saba na eneo la Nairobi. Kila jimbo lilikuwa na bunge lake, na Ngala akawa rais wa Jimbo la Pwani. Kulikuwa na Seneti ya watu 41, kila wilaya ikiwa na mwakilishi wake. Bunge la wawakilishi lilikuwa la vichwa, Seneti ilikuwa ya maeneo. Delaware na Virginia, sasa kwa sura ya Kenya.

Na kufuli lilitiwa. Vifungu vilivyoyalinda majimbo havikuweza kuguswa bila asilimia 90 ya maseneta kukubali. Piga hesabu: katika watu 41, watano wakisema hapana, mlango haufunguki.

Jinsi ukuta unavyobomolewa bila nyundo

Hapakuwa na mapinduzi. Hapakuwa na kifaru barabarani. Serikali kuu iliyashikia majimbo pesa na mamlaka yaliyoandikwa kwamba ni yao, mpaka yakawa majina bila kazi. Wabunge wa upinzani wakaanza kuhama mmoja mmoja, maana upande wa pili ndiko kulikokuwa na vyeo. Novemba 1964 KADU ikajivunja yenyewe na kuingia KANU, Ngala akiwemo. Baadaye akawa waziri. Zile sauti tano za kusema hapana hazikupatikana tena.

Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri, na rais akawa na mamlaka ya kiongozi wa nchi na mkuu wa serikali pamoja. Mwaka 1965 masharti ya kubadilisha katiba yakalegezwa, na majimbo yakawa mikoa. Mwishoni mwa 1966 Seneti yenyewe ikafutwa. Na ilikubali vipi kujifuta? Maseneta walipewa viti katika bunge moja jipya. Waliuza nyumba, wakapewa chumba.

Baada ya hapo ikawa kawaida. Mwaka 1982 katiba ikaandikwa kwamba chama ni kimoja. Mwaka 1988 majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao, jaji asiyemfurahisha mkubwa aweze kuondoka. Yote yalifanywa kwa sheria, bungeni, kwa kura. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta baada ya miaka 46.

Marekani nayo haikukaa bila kishawishi. Lakini kubadilisha katiba yao kunahitaji theluthi mbili ya kila bunge, kisha robo tatu ya majimbo. Tangu 1787 imebadilishwa mara 27 tu. Na kuna jambo moja lililofungiwa zaidi ya yote: hakuna jimbo linaloweza kunyang'anywa usawa wake katika Seneti bila lenyewe kukubali. Kwao, Seneti haikuweza kununuliwa kwa jumla.

Ukuta huohuo unaweza kuwa jela

Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa tamu: majimbo mazuri, Nairobi mbaya. Marshall asingekubali, na mtu yeyote aliyekuwa Kwale mwaka 1997 asingekubali.

Huko Marekani, "haki za majimbo" ndiyo kauli iliyotumika kuulinda utumwa mpaka vita vya 1861 hadi 1865. Baada ya utumwa kufutwa, kauli hiyohiyo ililinda ubaguzi. Kesi ya Marshall ya 1954 ilikuwa ya kutumia mahakama ya taifa kuvunja ukuta wa majimbo. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas aliweka askari kuwazuia wanafunzi tisa Weusi wasiingie shule ya Little Rock, na Rais Eisenhower akalazimika kutuma wanajeshi kuwaingiza. Kwa watoto wale tisa, serikali ya karibu ndiyo iliyokuwa adui, na ya mbali ndiyo iliyokuja kuwaokoa.

Na sisi? Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na moto ukashuka mpaka Kwale. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na maelfu waliokuwa wakiitwa "watu wa bara" wakakimbia makazi yao. Jina la Kaya Bombo, msitu wa heshima, likageuka kuwa jina la kutisha kwa sababu ya vijana waliokusanywa huko. Neno lililopita kinywani lilikuwa lilelile la Ngala: majimbo. Lakini la Ngala lilikuwa bunge, bajeti na Seneti. La 1997 lilikuwa panga na amri ya kuhama. Kikoneni, ambako Mdigo na Mkamba wamepakana mashamba, mtu hahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Ndiyo maana mpango una nguzo mbili, na ukiiondoa moja nyumba inaanguka. Kuna kugawa mamlaka, ili mkubwa wa mbali asikumeze. Na kuna haki za mtu mmoja mmoja, ili mkubwa wa karibu asikumeze. Ngala alileta ya kwanza, Marshall ya pili. Mwaka 1963 tulikuwa nazo zote mbili, mkononi.

Kaunti si jimbo

Tarehe 4 Agosti 2010 tulipiga kura, na tarehe 27 Agosti katiba mpya ikatangazwa rasmi. Ukiitazama, harufu ya Philadelphia unaisikia. Rais haketi bungeni. Mawaziri si wabunge, na lazima Bunge la Taifa liwapige msasa kwanza. Seneti imerudi, na kila kaunti kati ya 47 inachagua seneta mmoja, Kwale sawa na Nairobi. Mahakama ya Juu ina meno: tarehe 1 Septemba 2017 ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani.

Lakini tusijidanganye kwamba Kwale ni Delaware. Majimbo ya Marekani yalikuwepo kabla ya muungano, ndiyo yaliyouunda. Kaunti zetu zimeundwa na katiba. Hazina mahakama zao wala sheria zao za jinai. Zinaishi kwa mgao kutoka Nairobi, ambao katiba inasema usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Na pembeni ya gavana uliyemchagua kuna kamishna wa kaunti ambaye hukumchagua, na chini yake chifu. Seneti yetu hairuhusiwi kumhoji waziri mteule kabla ya kuapishwa, na miswada inayoigusa ni ile inayohusu kaunti. Huu ni ugatuzi. Si shirikisho. Zahanati, chekechea na barabara ndogo ni za kaunti. Polisi na madini ni vya taifa.

Madini. Turudi mlimani.

Kalamu ya Machi 2013

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 4 Machi 2013, wa kwanza chini ya katiba mpya. Tarehe 7 Machi, nchi nzima ikiwa imekodolea macho matokeo kwenye runinga, ofisi ya kamishna wa madini ilitoa leseni maalumu ya kuchimba Mrima kwa kampuni ya Cortec. Gavana wa kwanza wa Kwale hakuwa hata ameapishwa. Agosti mwaka huohuo, waziri mpya wa madini, Najib Balala, akaifuta pamoja na nyingine nyingi zilizotolewa katika miezi hiyo ya mpito.

Kalamu moja iliandika, kalamu nyingine ikafuta, na zote mbili ni za upande mmoja wa serikali. Kama habari ingeishia hapo, tungekuwa bado mwaka 1966. Haikuishia hapo. Kampuni ilikwenda mahakamani Kenya, haikufanikiwa. Wenye kampuni wakaipeleka Kenya katika baraza la kimataifa la usuluhishi wa uwekezaji, ICSID, wakidai fidia ya takriban dola bilioni 2. Oktoba 2018 baraza likalitupa dai lao. Sababu haikuwa hotuba ya mwanasiasa yeyote. Mrima ni msitu uliohifadhiwa kisheria. Leseni ilitolewa bila tathmini ya athari kwa mazingira kuidhinishwa kama sheria inavyotaka. Leseni iliyozaliwa nje ya sheria, likasema baraza, haikuzaliwa.

Yaani kilichosema hapana, mwishowe, ni karatasi ambayo haikuwepo kwenye faili. Mtu fulani zamani aliandika sheria kwamba ofisi ya madini peke yake haitoshi, lazima ofisi ya mazingira nayo ikubali. Mkono mmoja usubiri mwingine. Madison angeielewa kesi hiyo bila mkalimani.

Kesi ya leseni ile imekwisha, lakini madini hayajaenda popote, na dunia inayahitaji zaidi kuliko 2013. Kwa hiyo ni vizuri ujue kamba ziko wapi. Chini ya Kifungu cha 62 madini yote ni mali ya umma, na serikali ya taifa inayashika kwa niaba ya wananchi. Hapo tunatofautiana na Marekani, ambako mwenye shamba mara nyingi huweza kumiliki na kilicho chini yake. Chini ya Kifungu cha 71, bunge ndilo linalopaswa kuridhia mikataba ya maliasili inayotajwa na sheria. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa taifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi palipochimbwa. Na kuna kile kikao kinachotangazwa kwa bango la karatasi ukutani, "ushirikishwaji wa umma", ambacho wengi hatuendi kwa sababu tunasema ni mambo ya posho na soda.

Najua, soda ipo. Lakini kikao kile ni mojawapo ya karatasi za kwenye faili. Kikifanyika kwa uongo, au kisipofanyika, kuna jaji anayeweza kuuliza.

Je, kufuli la sasa ni gumu kuliko la 1963? Limeshajaribiwa. Mabadiliko yanayogusa ugatuzi, Sheria ya Haki, muhula wa rais au uhuru wa mahakama hayapiti bila kura ya maoni. Mwaka 2020 na 2021 kulikuwa na mpango wa BBI, wa kubadilisha mambo mengi kwa mpigo mmoja, ukasukumwa na rais na aliyekuwa mpinzani wake mkuu wakiwa upande mmoja. Bunge lilikubali, na kaunti nyingi zikakubali. Ilikuwa Novemba 1964 tena, kila mtu amehamia upande wenye vyeo. Tofauti ni kwamba safari hii palikuwa na kipande ambacho hakikuhama. Mahakama Kuu ikasema hapana Mei 2021, Mahakama ya Rufani Agosti, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikashikilia kwamba rais hawezi kuivaa njia ya marekebisho waliyotengewa wananchi.

Kwa hivyo mtu akikuambia serikali ni nyingi mno, chifu huyu, gavana yule, seneta na mbunge na mwakilishi wa wadi, tupunguze tubaki na mmoja mwenye nguvu atufanyie kazi haraka, usimcheke. Ana uchovu, na uchovu wake ni halali. Muulize tu swali la stage. Siku akija mwenye leseni ya kuuchimba Mrima, na huyo mmoja mwenye nguvu awe ameshaitia sahihi, wewe wa Kikoneni utakwenda kwa nani?